Mwanga Unaopanda Kushoto

Datsun ya Mzee Arvind iliingia Gerezani, mtaa wa mafundi wa magari, Jumatatu asubuhi, na mafundi wakaweka spana chini ili waitazame vizuri. Ilikuwa nyekundu, ya milango miwili, boneti ndefu kama pua ya mtu mwenye maringo, na taa zake mbili za duara zilikaa ndani kabisa ya mashavu yake, kama macho ya mtu aliyekosa usingizi. Ilitengenezwa mwaka sabini na mbili. Kati ya mafundi waliokuwa pale, watatu tu ndio waliokuwa wameshazaliwa mwaka huo.

"Hiyo si gari, hiyo ni bibi harusi," alisema Uwesu, ambaye banda lake la vipuri vya mtumba lilipakana na la Abdulmajid.

"Bibi harusi gani ana miaka thelathini na nne?" mtu akauliza kutoka chini ya lori.

"Muulize dada yako."

Kicheko kikatoka banda hili kikaenda banda lile. Abdulmajid, fundi wa umeme wa magari, hakucheka. Zamani angekuwa wa kwanza. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akamwendea mzee aliyekuwa anashuka taratibu, mkono mmoja juu ya paa la gari kana kwamba analituliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Mimi Arvind, nina duka la vitambaa pale Kisutu. Nimeambiwa wewe ndiye unayezijua Datsun za zamani, hizi ambazo swichi inakata negativu badala ya positivu."

"Nazijua. Zimeshawaunguzia watu waya nyingi."

"Basi sikiliza." Mzee Arvind alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Jumamosi jioni binti yangu Krina anarudi kutoka Uingereza. Miaka sita hajakanyaga hapa. Nilimpeleka uwanja wa ndege kwa gari hili, tukiwa na mama yake. Akaniambia, baba, siku ya kurudi uje na hili hili. Mama yake sasa hayupo. Nimebaki mimi na gari. Ndege inatua saa mbili usiku."

"Sasa tatizo ni nini, mzee?"

"Taa. Daktari amenitoa mtoto wa jicho, amenipima, ameniruhusu kuendesha. Macho ninayo. Taa ndizo sina. Hizi zinawaka kama tumbaku. Nataka unifungie zenoni."

Mafundi wa jirani waligeuza nyuso zao kidogo, kila mmoja akijifanya ana kazi. Uwesu akakohoa.

"Zenoni sifungi, mzee wangu," alisema Abdulmajid.

Hata aliyekuwa chini ya lori alijua kwa nini.

Zenoni ziliingia mjini pamoja na mambo mengine yote yaliyoingia tangu milango ya biashara ilipofunguliwa. Zilikuja Kariakoo ndani ya maboksi madogo: balbu mbili, balasta mbili za kuuongezea umeme nguvu, na waya. Vijana walizitaka za buluu. Ilikuwa kazi ya saa moja. Unachomoa balbu ya kawaida, unachomeka zenoni, gari linaondoka limebadilika sura. Kila fundi alijua kwamba bakuli la taa lililotengenezwa kwa balbu ya kawaida haliwezi kuutawala mwanga mkali kiasi kile. Linaumwaga kila upande, kama ndoo ya maji inayomiminwa ndani ya kikombe. Kila fundi alijua, na kila fundi alifunga. Abdulmajid alikuwa amefunga magari kumi na tisa.

Kisha, mwezi wa Machi, kaka yake Mgeni alikuwa anarudi nyumbani Magomeni kwa baiskeli. Mgeni alikuwa fundi bati. Alitengeneza masanduku, makarai na koroboi, na mwaka ule wa mgao wa umeme koroboi zilikuwa zinauzika kuliko kitu kingine chochote. Pale Jangwani, giza likiwa limeshaingia, pikapu iliyokuwa nyuma yake ikamgonga. Dereva wa pikapu alilia mbele ya polisi kama mtoto. "Nilipigwa taa," alisema. "Gari lililotoka mbele lilikuwa na taa za buluu, nikawa kipofu. Macho yaliponirudia, alikuwa ameshalala chini."

Lile gari la taa za buluu halikusimama. Labda mwenyewe hata hakujua.

Hakuna aliyemwuliza Abdulmajid chochote, na huo ndio ulikuwa mzigo wenyewe. Angeulizwa, angejibu. Badala yake akabaki na magari yake kumi na tisa, akiyahesabu moja moja kama punje za tasbihi: Korola nyeupe ya kijana wa Ilala, Mark Two ya yule mwalimu, teksi ya Buguruni. Huenda lilikuwa mojawapo. Huenda halikuwa. Mjini magari ya namna ile yalikuwa mamia.

Mkewe Mgeni, Mwanamkuu, alikaa eda miezi minne na siku kumi. Kwa muda huo wanaume hawaingii kwa mjane, na Abdulmajid aliishukuru desturi hiyo kuliko ilivyostahili kushukuriwa. Alijificha nyuma yake. Lakini eda ilikwisha mwezi wa Julai, na shemeji ndiye anayetakiwa kuwa wa kwanza kubisha hodi, kumjulia hali mjane wa ndugu yake na kumwuliza mambo yake. Abdulmajid alimtuma Uwesu apeleke mchele. Mwezi uliofuata akamtuma tena.

"Shemeji yako ameniuliza," Uwesu alisema aliporudi mara ya pili, "kama umevunjika miguu."

Sasa ulikuwa mwezi wa Septemba, na alikuwa bado hajaenda.

Mzee Arvind hakuondoka alipokataliwa. Alisimama pale akilitazama gari lake. "Sitaki za buluu, fundi," alisema. "Za kuringia sitaki. Mwezi uliopita, barabara ya Pugu, nusura nimgonge mtu wa baiskeli. Alikuwa kushoto, pembeni kabisa, mahali pake. Sikumwona mpaka nilipompita. Tangu siku ile nikilala namwona yeye. Nataka nione pembeni, basi."

Abdulmajid alikikunja kile kitambaa cha mikono, akakitia mfukoni.

"Umesema wa baiskeli?"

"Wa baiskeli. Amebeba mikate."

Abdulmajid aliinama, akachungulia ndani ya taa ya kushoto, akaigonga kioo kwa kucha. "Kuna njia," alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtu anayejishangaa. "Si kuchomeka balbu. Ni kufungua taa nzima na kuweka projekta ndani. Projekta ina kijibati kinachoukata mwanga kwa juu, halafu lenzi mbele inaupeleka unapotaka wewe. Juu panabaki giza. Mtu anayekuja mbele yako haumii. Na upande wa pembeni mwanga unapanda kidogo, kama ngazi, ili uwaone wanaotembea."

"Hiyo ndiyo ninayotaka."

"Lakini lazima iwe hivyo hasa, mzee. Isipokuwa hivyo, nazitoa narudisha hizi za tumbaku, na Jumamosi utakodi teksi."

"Nimekubali."

Uwesu alikuwa amesikia kila neno. Hakuwa mtu wa kujifanya hakusikia. "Mimi ninayo pea ya projekta," alisema. "Safi kabisa. Zimetoka kwenye gari la Japani lililopinduka Chalinze."

Aliposikia neno kupinduka, Abdulmajid alitikisa kichwa. Tangu Machi hakuwa anagusa kitu kilichotoka kwenye gari la ajali. "Nitatafuta mpya."

"Za mtumba ndizo zenyewe, bwana. Wajapani walizifunga kiwandani."

"Nimesema mpya, Uwesu."

"Haya. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe nitakuambia kesho."

Abdulmajid alivuka hadi Kariakoo, akaingia duka moja baada ya jingine mpaka akapata boksi ambalo karatasi yake haijachanwa, lililotoka Dubai. Alilibeba kwa mikono miwili.

Kazi ilimchukua siku tatu. Alizitoa taa za zamani, akatafuta bakuli mbili za duara zinazoingia shimo lile lile, zenye kioo kisicho na michirizi, maana kioo cha michirizi kinatawanya mwanga. Akakata katikati ya bakuli, akaziketisha projekta ndani, akazifunga kwa skrubu tatu tatu, akapima kwa timazi. Alivuta waya mpya kutoka kwenye betri, akaweka rilei ili swichi ya zamani isibebe mzigo ila itoe amri tu. Kila alipofunga skrubu alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu msiba: mikono yake ilikuwa inataka kufanya kazi. Hata alipiga mluzi mara moja, akasita, kisha akaendelea.

Alhamisi, baada ya Magharibi, Mzee Arvind alikuja kushuhudia. Ilikuwa zamu ya Gerezani kukatiwa umeme, giza lilikuwa zito, na upande wa pili wa uwanja ulikuwepo ukuta mrefu wa ghala la reli. Abdulmajid aliiweka Datsun hatua kumi na tano kutoka ukutani, akachora mstari wa chaki ukutani kwa kimo cha taa.

"Washa, mzee."

Taa zilitoa rangi ya zambarau kwanza, zikatetemeka, kisha zikatulia nyeupe kama maziwa. Mafundi walisema lo kwa pamoja. Ukutani mwanga ulikuwa umekatwa kama kwa wembe: chini nuru, juu giza. Mzee Arvind alipiga makofi polepole, peke yake.

Lakini Abdulmajid alikuwa anautazama ule mkato. Ulikwenda sawasawa kutoka kushoto, na ulipofika katikati ukapanda ngazi kwenda juu. Ulipanda upande wa kulia.

Alichukua stuli, akaenda kukaa mbele ya gari, upande wa kulia, pale ambapo dereva anayetoka mbele angekuwa. Mwanga ukamwingia machoni kama mchanga. Hakuona gari. Hakumwona mzee. Hakuona hata mikono yake mwenyewe. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Uwesu alipokuja kumshika bega.

"Dubai wanaendesha kulia, ndugu yangu, si kushoto kama sisi na Wajapani," Uwesu alisema, bila kucheka sana. "Taa zako zinafikiri ziko kwao Sharjah. Zinamulika pembeni ya kwao."

Abdulmajid alisimama. Pembeni ya kwao ndiko wanakotoka magari mengine hapa. Na pembeni ya hapa, kushoto, wanakopita watu wa baiskeli, palikuwa giza.

"Mbona mimi naona mwanga mzuri?" aliuliza Mzee Arvind kutoka ndani ya gari.

"Kwako mzuri, mzee. Kwa unayekutana naye si mzuri." Akamgeukia Uwesu. "Zile za Chalinze?"

"Zimeondoka juzi, zimekwenda Arusha. Nilikuambia nitakuambia kesho. Kesho imefika."

Mzee Arvind alishuka. Alimtazama fundi, akautazama ukuta. Alikuwa mfanyabiashara, angeweza kusema maneno mengi kuhusu ahadi. "Binti yangu anatua keshokutwa," alisema tu. "Ukishindwa niambie kesho jioni, nitakodi hiyo teksi."

Usiku huo Abdulmajid alikwenda na projekta moja nyumbani kwake, akaifungua kwenye meza ya kulia chakula. Ndani, kati ya balbu na lenzi, kulikuwa na kijibati cheusi, kipana kama vidole vitatu, kilichopinda kidogo, na ukingo wake wa juu ulikuwa na ile ngazi. Siri yote ilikuwa pale. Kukigeuza nyuma mbele haikuwezekana, kwa sababu ya mpindo wake na vijimiguu viwili vilivyokishika. Kilitakiwa kingine, kilichokatwa upande wa pili. Lakini ukingo ule ulikuwa laini kabisa. Kila kipele cha bati kingeonekana barabarani kama jino. Alijaribu kwa mkasi wake wa waya na kipande cha kopo. Kikatoka kama kimetafunwa na panya.

Alijua mkasi unaofaa ulipo. Alijua hata sauti yake.

Ijumaa, aliposwali msikitini, hakurudi bandani. Alikwenda Magomeni kwa miguu, kupitia Jangwani, njia aliyokuwa anaikwepa tangu Machi, na mfukoni alikuwa na kile kijibati ndani ya leso. Alipofika mbele ya nyumba ya kaka yake alisikia, kabla hajabisha hodi, mlio wa mkasi wa bati ukila taratibu: krr, krr.

"Hodi hapa."

Mkasi ukasimama. "Karibu, aliyevunjika miguu," alisema Mwanamkuu.

Alikuwa ameketi uani juu ya mkeka, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, na mbele yake koroboi kama thelathini zimepangwa safu. Mkasi wa Mgeni ulikuwa mkononi mwake. Mpini mmoja ulikuwa bado umefungwa kile kitambaa cha buluu alichokifunga Mgeni mwenyewe.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Mchele wako tulikula. Kaa chini, usisimame kama mdai."

Abdulmajid aliketi ukingoni mwa mkeka. "Sikujua kama unafua bati."

"Miaka kumi na sita nimeketi pembeni yake nikimshikia. Ulidhani nilikuwa naangalia ukuta? Eda ilipokwisha, watu wakaja kuuliza koroboi. Mgao huu. Nikasema mkasi upo, bati lipo, mimi nipo." Alichukua koroboi moja, akaikagua shingo. "Za kwanza zilivuja. Sasa hazivuji."

Uani kwa jirani mtu alikuwa anatwanga. Abdulmajid alifungua leso ili aonyeshe kile kijibati, akajikuta anasema jambo jingine.

"Shemeji, lile gari la taa za buluu. Mimi nilifunga magari kumi na tisa. Sijui kama lilikuwa mojawapo. Sitajua. Ndiyo maana sikuja."

Mwanamkuu hakumtazama. Aliiweka koroboi kwenye safu yake, akainyoosha ilingane na wenzake.

"Siku ile," alisema, "nilimwambia apitie sokoni aniletee nazi mbili. Alisema atachelewa, nikamwambia achelewe, nataka nazi. Bila nazi angepita Jangwani jua lingalipo. Nazi zile zililetwa na polisi, shemeji, ndani ya mfuko wake, hata hazikupasuka. Kama ni hivyo, na mimi nijifiche, nisifike mlangoni mwa nani?"

Abdulmajid aliinamisha kichwa. Hakulia, ila alipumua kama mtu aliyetua gunia.

"Mungu alimchukua kwa saa yake," alisema Mwanamkuu. "Wewe una taa zako, mimi nina nazi zangu. Tutazibeba, lakini tusizibebe kila mtu peke yake. Haya, hicho ulichofunga kama hirizi ni nini?"

Alimweleza yote: Datsun, mzee wa Kisutu, binti anayerudi, ngazi iliyopanda upande wa wenzetu wa Dubai. Mwanamkuu alikichukua kijibati, akakigeuza, akakipitisha ukingo kwenye ukucha wake wa gumba. Kisha akaomba karatasi. Alikilaza kijibati juu ya karatasi, akakizungushia penseli, akaikata ile karatasi, akaipindua upande wa pili.

"Ndiyo hicho?" aliuliza.

Abdulmajid alitazama. Ngazi ilikuwa upande wa kushoto. Usiku mzima alikuwa amepiga hesabu, na jibu lilikuwa kuipindua karatasi.

"Ni kama mkono wa blauzi," alisema Mwanamkuu. "Wa kulia ukiupindua unapata wa kushoto. Mnajisumbua nyie wanaume wa umeme."

Alikata viwili kutoka kwenye bati la debe, si la kopo, maana la kopo ni jepesi mno. Hakukata kwa kuuma na kuachia. Aliulisha mkasi bati polepole, taya zake hazikufunga hata mara moja mpaka mwisho, na ukingo ukatoka laini kama maji. Alipofika kwenye vijimiguu, Abdulmajid akasema wangevishika kwa risasi ya kulehemu.

"Risasi hapana. Hapo pana moto. Mdomo wa koroboi hatuuungi kwa risasi, itayeyuka. Tunakunja." Akakunja, akagonga kwa nyundo ndogo mara mbili, akakunja tena. Mwisho alivipaka vijibati vyote viwili mafuta ya kula, akavichoma juu ya mkaa mpaka vikawa vyeusi kama kikaango cha zamani, ili visirudishe mwanga. Hilo Abdulmajid hakuwa amelifikiria hata kidogo.

Akavifunga kwenye leso na kusimama. Mwanamkuu naye akasimama, akatia koroboi kumi ndani ya kikapu.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Nakwenda kuona nilichokata kinafanya nini. Na hizi nitaziuza huko huko, si mmesema Gerezani giza?"

Jioni ile, baada ya Magharibi, watu walikuwa wengi zaidi. Habari ya taa za Sharjah ilikuwa imeenea. Mzee Arvind alikuja na shati la kesho yake, akasema anataka kuona kama linakubaliana na gari. Alipojulishwa Mwanamkuu ni nani, aliunganisha viganja kifuani, akasema pole kwa sauti ya chini, na Mwanamkuu akamjibu tumeshapoa, mzee, na wewe pole na mama Krina. Kumbe Abdulmajid alikuwa amemsimulia njiani.

"Washa," alisema Abdulmajid.

Zambarau, mtetemo, kisha nyeupe. Ukutani mkato ulikwenda sawa upande wa kulia, chini ya chaki. Ulipofika katikati ukapanda, taratibu, kwenda kushoto. Uwesu alikimbia akasimama kule kushoto karibu na ukuta, tairi begani, na mwanga ukamshika kutoka viatu hadi kofia. Alicheza hatua mbili.

"Mnaniona?"

"Tunakuona, na suruali imekuchanika," mtu akamjibu.

Abdulmajid alichukua stuli ili aende kukaa mbele, kama jana. Mwanamkuu alimpokonya.

"Hapa nakaa mimi."

"Shemeji..."

"Nakaa mimi, Abdulmajid." Akatoa koroboi moja kikapuni, akaiwasha kwa kiberiti cha Uwesu. "Hii weka juu ya paa la gari. Nikikaa pale na nikauona moto wake, taa zako ni nzuri. Nisipouona, zitoe."

Watu walimtazama Mzee Arvind. Koroboi ya mafuta ya taa, juu ya Datsun iliyopigwa nta kwa miaka thelathini na nne. Mzee alishuka, akatoa leso yake mfukoni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya paa. "Hapa," alisema. "Juu ya leso." Koroboi ilipowekwa, akarudi ndani ya gari.

Mwanamkuu alitembea katika giza hadi mahali anapotokea anayekuja, akaweka stuli, akaketi, akajifunika kanga vizuri, akainua uso akatazama taa moja kwa moja. Abdulmajid alisimama kando ya bampa akiwa ameshika bisibisi. Kama angesema hapana, alikuwa tayari kuzitoa pale pale, na alijua kwamba asingefunga taa nyingine maishani.

"Naona gari," alisema Mwanamkuu.

Walingoja.

"Naona mtu ameketi ndani. Miwani yake inang'aa kidogo. Moto nauona. Unacheza. Upepo unatoka upande wa reli." Na baada ya muda, kwa sauti ile ile ya kawaida: "Utambi huo niliukata mrefu. Utatoa moshi. Mwambieni mzee auondoe kabla haujamchafulia gari."

Mzee Arvind alicheka ndani ya gari, kicheko kirefu. Abdulmajid aliiondoa koroboi juu ya paa kwa mikono miwili, akaizima.

Jumapili asubuhi Abdulmajid alikuwa bandani, ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Alikuwa na ubao na kopo la rangi nyeupe. Mwanamkuu, aliyekuja kuchukua vipande vya debe kwa Uwesu, alisimama nyuma yake akisoma: WALIOFUNGIWA TAA ZA BULUU HAPA WARUDI. TUTAZIREKEBISHA BURE.

"Kumi na tisa?" aliuliza.

"Kumi na tisa. Wakija."

"Watakuja kwa sababu ya hilo neno la mwisho." Alihesabu kwa vidole. "Vijibati thelathini na vinane. Uniletee debe zuri, si la kutu."

Ndipo Datsun ilipoingia, na safari hii ndani walikuwa wawili. Krina alikuwa msichana mrefu mwenye nywele zilizokatwa fupi, na alishuka haraka kuliko baba yake. Aliwaamkia wote wawili shikamoo kwa Kiswahili cha Kisutu ambacho miaka sita haikukigusa. Mzee Arvind alisimama mlangoni mwa gari, hakutaka kuanza kwa salamu.

"Fundi, jana barabara ya Pugu, tunarudi, taa za barabarani zote zimezimwa. Kushoto kulikuwa na mtu wa baiskeli, amebeba matenga ya kuku, matupu. Nimemwona kutoka mbali, mbali kabisa. Nikamhesabia hata matenga. Manne. Nikapunguza, nikampisha, nikapita."

"Na magari ya mbele?"

"Hakuna aliyenipigia taa kulalamika, hata mmoja."

"Na yeye wa baiskeli?" aliuliza Mwanamkuu.

Mzee Arvind alifikiri, kama mtu anayetaka kusema kweli tupu.

"Yeye hata hakugeuka," alisema. "Alikuwa anaimba."

Mwanamkuu aliitikia kwa kichwa. Akachukua brashi mkononi mwa shemeji yake, kwa sababu herufi ya mwisho ilikuwa imeanza kuchuruzika, akaifuta ile rangi iliyozidi kwa ncha ya kidole.